Wasomali walikuwa taifa kabla ya kuwa na dola. Kwa nini basi mpaka wa mkoloni ndio ulioshinda?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Mjadala wa mipaka ya Afrika ukianza, hoja inayotangulia ni ile ile: wazungu walikaa Berlin, wakachora mistari, wakapasua makabila, ndiyo maana hatutulii. Anayeisema huwa anaamini, hata asipotamka, kwamba tungechora upya kwa kufuata watu wenyewe, lugha yao na dini yao, dola zetu zingesimama imara. Nataka tuipime hoja hiyo kwa Wasomali, kwa sababu kama ni ya kweli popote, kwao ndiko ilikopaswa kuwa kweli zaidi. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Kwanza tuweke sawa jambo la Berlin. Mkutano wa 1884 na 1885 haukuchora mipaka ya Wasomali. Ile mistari ilitokana na mikataba ya wawili wawili iliyofuata: Uingereza na Ufaransa 1888, Uingereza na Italia 1894, Uingereza na Menelik wa Ethiopia 1897. Waingereza hawakuifuata ardhi ile kwa ajili ya mashamba wala madini. Walikuwa na kambi ya jeshi Aden, ng'ambo ya pili ya bahari, na kambi ilitaka nyama. Mifugo ilitoka Berbera. Ndipo kuanzia 1884 wakawekeana mikataba na koo za kaskazini, na eneo likaitwa Somaliland ya Uingereza. Italia ikachukua upande wa Mogadishu. Ufaransa ikakaa Djibouti. Ethiopia ikajipanua hadi Ogaden. Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera wakaangukia Kenya. Hata Kismayu ilikuwa ndani ya Kenya hadi 1925, Waingereza walipoikabidhi Jubaland kwa Italia kama malipo ya kusimama nao katika Vita Kuu ya Kwanza.

Mkataba uliouma kuliko yote ni wa 1897. Uliyaweka malisho ya Haud upande wa Ethiopia, ilhali koo za Hargeisa na Burao zilikuwa zikishusha ngamia zao huko kila msimu wa mvua tangu enzi. Kwa miaka mingi mfugaji hakuuona mpaka huo, kwa sababu hapakuwa na wa kumzuia. Lakini mwaka 1954 Uingereza ilitia saini makubaliano mapya ya kuikabidhi Ethiopia utawala kamili wa Haud, na kaskazini yote ikawaka. Wajumbe walipanda ndege hadi London na Umoja wa Mataifa kulalamika. Naomba mlitazame jambo hili vizuri. Watu wa kaskazini walikuwa na ushairi mmoja, dini moja na nasaba zinazosomwa hadi babu wa mbali, na vyote hivyo vilikuwepo karne nyingi bila kudai dola. Kilichowafanya wadai dola ni malisho kukatwa na mstari. Mpaka ndio uliowapa sababu ya kujiita taifa kwa maana ya kisiasa.

Basi ikafika 1960. Somaliland ya Uingereza ikapata uhuru tarehe 26 Juni. Kusini, iliyokuwa chini ya udhamini wa Italia, ikapata tarehe 1 Julai, na siku hiyo hiyo zikaungana. Bendera ya buluu ikapandishwa ikiwa na nyota nyeupe ya pembe tano, kila pembe ikiwakilisha kipande kimoja cha Wasomali: viwili vilivyokwisha kuungana, na vitatu vilivyobaki, yaani Djibouti, Ogaden na wilaya za kaskazini mwa Kenya. Dola changa ikawa imetangaza kwenye bendera yake kwamba haijakamilika, na kwamba majirani zake wote wamekalia sehemu yake.

Muungano wenyewe uliendeshwa kwa haraka ya mapenzi. Bunge la Hargeisa lilipitisha sheria yake, la Mogadishu likapitisha nyingine isiyofanana nayo. Bunge la pamoja likawa na viti 123, vya kaskazini 33. Rais akatoka kusini, waziri mkuu akatoka kusini, mji mkuu ukawa Mogadishu. Mtu wa Hargeisa aliyekuwa akimaliza shida zake mjini kwake sasa alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 800 kufuata mhuri. Kaskazini kulikuwa na sheria za Kiingereza na makarani waliosoma Kiingereza, kusini sheria za Kiitaliano na makarani wa Kiitaliano. Juni 1961, mwaka mmoja tu baada ya sherehe, katiba ilipopelekwa kwenye kura ya maoni, wengi wa waliopiga kura kaskazini waliikataa na wengine wengi hawakujitokeza kabisa. Desemba mwaka huo maofisa vijana wa jeshi wa kaskazini wakajaribu mapinduzi ili kuvunja muungano. Walishindwa, lakini walipofikishwa mahakamani waliachiwa, kwa hoja kwamba muungano wenyewe haukuwa na msingi wa kisheria ambao wangeweza kuusaliti.

Mwaka 1969 Rais Abdirashid Ali Shermarke aliuawa kwa risasi mjini Las Anod, na siku chache baadaye Jenerali Siad Barre akachukua nchi. Ukweli lazima usemwe: serikali yake ilifanya makubwa kwa utambulisho wa Msomali. Mwaka 1972 Kisomali kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini, wanafunzi wakapelekwa vijijini na kambini kwa wafugaji kufundisha kusoma. Kutaja ukoo hadharani kulipigwa marufuku. Kama taifa linaweza kujengwa kwa amri, lilijengwa pale.

Kisha 1977 akaenda kuichukua Ogaden kwa silaha. Hilo ndilo jaribio kubwa kuliko yote katika Afrika huru la kulazimisha mpaka wa dola ufuate mipaka ya taifa. Kwa miezi kadhaa lilifanikiwa. Wanajeshi wake walifika hadi malango ya Harar. Halafu Wasovieti wakahamia upande wa Ethiopia, wanajeshi wa Cuba wakaja kwa maelfu, na Machi 1978 jeshi la Somalia likarudi nyuma. Wakimbizi wa Ogaden wakaingia kwa wingi, wengi wakawekwa kaskazini, na watu wa ukoo wa Isaaq, ulio mkubwa huko, wakaanza kuona ardhi yao, kazi za serikali na hata silaha zikielekezwa kwa wageni. Mwaka 1981 wakaunda SNM, kundi la upinzani lililokuja kushika silaha, jijini London. Mwaka 1988 SNM ilipoingia Hargeisa na Burao, serikali ikajibu kwa mizinga na ndege za kivita. Ndege zilikuwa zinaruka kutoka uwanja wa Hargeisa wenyewe, zinaupiga mji, zinarudi kutua pale pale. Maelfu kwa maelfu waliuawa, mji ukabaki magofu, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Ethiopia kwa miguu. Wakajikuta wamepata hifadhi kwa yule waliyefundishwa miaka yote kuwa ndiye adui wa taifa.

Januari 1991 Siad Barre akakimbia Mogadishu. Tarehe 18 Mei 1991, kwenye mkutano wa koo mjini Burao, Somaliland ikatangaza kurudi kuwa nchi. Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae. Walidai kwa msingi gani? Hawakusema sisi ni Isaaq, tunataka nchi ya Isaaq. Hawakusema lugha yetu ni tofauti, maana si tofauti. Walisema: tunarudi kwenye mipaka tuliyokuwa nayo tarehe 26 Juni 1960. Mipaka ile ile ya 1888, 1894 na 1897. Mstari ule uliokata malisho yao ya Haud ndio wanaouonyesha leo kama hati ya kuzaliwa.

Na hawako peke yao. Eritrea ilipigana miaka 30 na kupata uhuru 1993, na mipaka iliyodai ni ya koloni la Italia. Sudan Kusini ilipiga kura Januari 2011 kwa zaidi ya asilimia 98, na mpaka ukawa ule uliokuwepo kati ya mikoa ya kaskazini na kusini tarehe 1 Januari 1956. Biafra, eneo la Waigbo mashariki mwa Nigeria, ilijitangaza 1967 bila kuwa na koloni lake la zamani la kurudia. Waigbo walikuwa na utambulisho, mateso ya kweli na jeshi, na bado haikusimama.

Ninachoshikilia ni hiki: katika Afrika, eneo lenye mpaka unaojulikana ndilo linalozaa dola, na utambulisho hutengenezwa ndani yake baadaye, kwa jinsi watu wanavyogawana madaraka na wanavyotendewa na serikali. Damu na lugha huwapa watu sababu ya kupendana. Kuwapa dola ni kazi nyingine.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

Mdau wa Garissa

Mleta uzi, umeandika vizuri na historia umeisoma. Lakini unasema mpaka "ulishinda" kama vile ulishindana kwa haki. Mimi ni wa upande ambao mpaka huo ulitupitia juu ya migongo.

Mwaka 1962 Waingereza walituma tume kuuliza watu wa NFD, yaani zile wilaya za kaskazini mwa Kenya, wanataka nini. Jibu la Wasomali walio wengi lilikuwa wazi, tunataka kuungana na Somalia, na tume yenyewe iliandika hivyo. Waingereza wakaliweka kando, wakatukabidhi kwa serikali mpya ya Nairobi, na Mogadishu ikavunja uhusiano na London Machi 1963. Kilichofuata ni vita ya Shifta, kati ya wapiganaji wa Kisomali na serikali ya Kenya. Watu wakakusanywa vijijini kwa nguvu, ngamia wakapigwa risasi. Wazee wetu huhesabu umaskini wa familia zao kuanzia miaka hiyo, kwa sababu mfugaji akishanyang'anywa mifugo hana pa kuanzia. Vita iliisha 1967, lakini sheria za dharura zilibaki juu yetu hadi 1991. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya serikali kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawekwa juani bila maji, na wengi sana hawakurudi nyumbani. Mwaka 1989 Wasomali wote wa Kenya tulipigwa msasa na kupewa kadi ya rangi ya waridi ili tuthibitishe kwamba sisi ni Wakenya. Mkikuyu hakuulizwa, Mluo hakuulizwa.

Kwa hiyo unaposema utambulisho hutengenezwa ndani ya mpaka, sema pia umetengenezwa kwa nini. Kwetu ulitengenezwa kwa bunduki kwanza.

Mleta uzi

Kaka wa Garissa, nimekusoma na sina neno hata moja la kukanusha. Mpaka haukushinda kwa haki. Ulishinda kwa sababu kila serikali iliyourithi ilikuwa na hofu ile ile. Mkutano wa OAU uliofanyika Cairo Julai 1964 ulipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru, na aliyeliwasilisha ni Mwalimu Nyerere. Waliolipinga ni Somalia, kwa sababu unazozijua, na Morocco, iliyokuwa ikiidai Mauritania. Wengine wote walitazama ramani zao na kuona NFD yao ndogo au kubwa mahali fulani.

Lakini naomba unisaidie kwa jambo moja, maana wewe uko huko. Madai ya Wajir na Garissa leo ni yapi? Ninachosikia mimi kutoka kwa viongozi wa kaskazini mashariki ni vitambulisho, barabara, mgao wa kaunti, walimu, usalama dhidi ya Al-Shabaab. Tangu katiba ya 2010 na ugatuzi ulioanza 2013, kaunti zina magavana na bajeti zao. Aden Duale, mtoto wa Garissa, amekuwa kiongozi wa walio wengi bungeni kisha waziri. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba ule msasa maalumu wa kupata kitambulisho umefutwa. Madai yote hayo yanaelekezwa Nairobi. Anayedai kitambulisho cha Kenya bila kudhalilishwa amekwisha kuamua ni dola gani anaibana.

Mdau wa Garissa

Hapo uko sahihi kwa sehemu. Baba yangu alikuwa akisikiliza Redio Mogadishu kila usiku. Mimi nasikiliza bunge la Nairobi. Ila usidhani tulivutwa na uzuri wa Kenya. Tuliona pia yaliyotokea Mogadishu 1991, wakimbizi walipojaa Dadaab, tukajua nyota ile haikuwa na nyumba ya kutuweka. Na yule aliyekubali kumaliza vita Arusha Oktoba 1967, mbele ya Kaunda, alikuwa waziri mkuu wa Somalia, Mohamed Haji Ibrahim Egal. Wazee wengine hapa hadi leo wanaona aliwauza.

Mleta uzi

Umenitajia mtu ambaye nilitaka kumleta. Egal ndiye aliyeongoza Somaliland siku zile tano za Juni 1960 kabla ya muungano. Ndiye aliyeisimamia kuungana. Ndiye waziri mkuu wa Somalia aliyetuliza mambo na Kenya na Ethiopia kuanzia 1967, kisha Siad Barre akamfunga miaka mingi. Na ndiye aliyechaguliwa na wazee mjini Borama 1993 kuwa rais wa Somaliland iliyojitenga, akafa madarakani 2002. Mtu mmoja alipita njia zote tatu: eneo la mkoloni, taifa kubwa la Wasomali, kisha eneo la mkoloni tena.

Borama napenda tuielewe, kwa sababu ndiko utambulisho wa Somaliland ulikotengenezwa. Baada ya 1991 SNM wenyewe kwa wenyewe walipigana Burao na Berbera. Kilichowaokoa ni wazee. Mwaka 1993 walikaa Borama kwa miezi kadhaa, kwa gharama za wafanyabiashara na jamii zenyewe, wakaandika hati ya taifa na kuunda bunge la nyumba mbili, moja ikiwa Guurti, baraza la wazee wa koo. Borama si mji wa Isaaq. Ni mji wa Gadabuursi, ukoo ambao wengi wao hawakuwa upande wa SNM. Washindi wa vita walikwenda kukaa kikao kwenye mji wa walioshindwa. Fedha ya kuvunja vikosi vya wapiganaji ilitoka kwa wafanyabiashara wa mifugo na ushuru wa bandari ya Berbera. Egal alipofariki, aliyechukua nafasi yake kwa mujibu wa katiba ni makamu wake Dahir Riyale Kahin, Mgadabuursi, na uchaguzi wa 2003 alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 80 tu. Mpinzani wake alikuwa mtu mzito wa SNM, na hakurudi msituni.

Yote hayo hayakufanywa na lugha moja wala dini moja, kwa sababu Mogadishu nayo ilikuwa na lugha hiyo na dini hiyo.

Mdau wa Tanga

Samahani wakuu, mimi naingia na jambo ambalo wote mmelipita. Mnasema "Wasomali ni lugha moja, damu moja" kama vile ndani ya Somalia wapo wao tu. Kwenye bonde la mto Juba kuna watu wanaongea Kizigua. Kizigua hiki hiki cha Handeni. Walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka huku kwetu, wakauzwa kule, wengine wakatoroka wakafungua mashamba yao msituni. Brava wana Chimiini, ambacho ni Kiswahili. Visiwani kuna Wabajuni, ndugu wa Lamu. Watu hawa wako ndani ya nyota ya pembe tano, lakini nyota haikuwahi kuwahesabu.

Vita ilipoanza 1991 hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda, wakaporwa chakula na kuuawa. Wengine walirudi Tanzania, wakapewa makazi Chogo mkoani Tanga, na wengi wao wamepewa uraia. Zaidi ya 10,000 walipelekwa Marekani kutoka kambi za Kenya. Na serikali zilizoundwa tangu mkutano wa Arta mwaka 2000 zimetumia hesabu ya nne na nusu: koo kubwa nne kila moja fungu zima, wengine wote pamoja nusu. Mtu ameandikwa rasmi kuwa nusu ndani ya nchi yake.

Kwa hiyo mleta uzi, mimi naona hoja yako ina nguvu kuliko ulivyoiweka. Taifa moja lililokuwa tayari kabla ya dola halikuwepo. Lilitangazwa.

Mleta uzi

Dada/kaka wa Tanga, ahsante sana. Nilikubali kirahisi mno masimulizi ya umoja wa asili. Hesabu ya nne na nusu inaonyesha pia dola ikijengwa juu ya nasaba inavyokwenda: kila mtu lazima apimwe babu yake kwanza ndipo ajulikane ana haki kiasi gani. Dola ya eneo, hata ikiwa ya kidhalimu, angalau inaweza kudaiwa na yeyote aliyezaliwa ndani yake. Mzigua wa Juba aliyefika Chogo aliweza kuwa Mtanzania kwa karatasi. Kuwa Msomali kamili mbele ya ile hesabu, hakuna ofisi inayotoa karatasi hiyo.

Mdau wa Unguja

Asalaam alaykum. Nimesoma yote. Kuna mfano umeuacha na uko mlangoni. Miaka minne baada ya Hargeisa na Mogadishu kuungana, Tanganyika na Zanzibar nazo ziliungana. Huko nako bunge halikuulizwa vizuri, wananchi hawakupiga kura, hati ilitiwa saini 22 Aprili na tarehe 26 tukawa nchi moja. Haraka ni ile ile. Kwa nini huku bado upo na kule ulivunjika? Na usinijibu kwamba kwa sababu sisi ni watulivu, maana siasa za visiwani unazijua na damu ya Januari 2001 tunaikumbuka.

Mleta uzi

Wa alaykum salaam sheikh. Sitakujibu hivyo.

Naona tofauti kubwa ni kwamba Zanzibar haikufutwa. Ilibaki na rais wake, serikali yake, mahakama zake, na tangu 1980 Baraza la Wawakilishi. Malalamiko ya Mzanzibari, na ni mengi, yana mahali pa kusemewa ambapo ni pake mwenyewe. Somaliland ilipoungana 1960 ilitoweka kabisa. Palibaki mikoa ya kaskazini ya nchi iliyoongozwa kutoka mbali, bila chombo chochote cha kusema "sisi". Mwenye kero Hargeisa alibaki na njia tatu: kuvumilia, kuhama au kushika bunduki. Waliounda SNM walikwisha kuzijaribu mbili za kwanza.

Lakini ukitazama upande wa pili, chombo hicho hicho ndicho kinachoulinda mpaka wa Zanzibar usisahaulike. Marekebisho ya katiba ya Zanzibar ya 2010 yaliandika kwamba Zanzibar ni nchi. Mtu wa Dodoma anaweza kukasirika, lakini kama Baraza lisingekuwepo, maneno hayo yangesemwa barazani kwa sauti ya chini na kizazi kilichokata tamaa. Mimi nachagua yaandikwe.

Mdau wa Arusha

Mada nzuri, heko mleta uzi. Nina mawili.

La kwanza, umemtaja Mwalimu kama baba wa azimio la Cairo. Aprili 1968 Mwalimu huyo huyo aliitambua Biafra, Tanzania ikawa nchi ya kwanza kufanya hivyo. Utaliweka wapi hilo kwenye hoja yako ya mpaka?

La pili ni gumu zaidi. Somalia sasa ni mwanachama wa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, imekubaliwa 2023 na kukamilisha 2024. Tunalazimika kuwa na msimamo. Kama mpaka wa 1960 ndio unaoipa Somaliland haki, tufanye nini na watu walio ndani ya mpaka huo wasioitaka Somaliland? Nazungumzia Las Anod.

Mleta uzi

Mkuu wa Arusha, umegonga panapouma.

La Mwalimu: hoja yake 1968 ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya usalama wa watu wake, na Waigbo, baada ya mauaji ya 1966 kaskazini mwa Nigeria, hawakuwa tena na sababu ya kuamini kwamba Nigeria ni kimbilio lao. Sioni kwamba aliusahau mpaka. Aliuona una sharti. Serikali inapowageuzia silaha raia wa sehemu moja ya nchi, inavunja yenyewe kile kinachowafanya wabaki ndani ya mstari. Hargeisa 1988 inaingia kwenye sharti hilo bila shida. Ndiyo maana ujumbe wa Umoja wa Afrika uliokwenda Somaliland 2005 uliona suala lake ni la kipekee, ingawa Umoja wenyewe haujaitambua hadi leo.

Sasa Las Anod. Hapa nitasema ninachoamini hata kama kinaipunguzia nguvu hoja yangu ya mwanzo.

Sool, mkoa wenye mji wa Las Anod, na sehemu za mkoa wa Sanaag ziko ndani ya mstari wa Uingereza na Italia wa 1894, hilo halina ubishi. Lakini wakazi wake wengi ni Dhulbahante na Warsangeli, koo za Harti, na ndugu zao wako ng'ambo ya mstari, Puntland, jimbo la Somalia lenye utawala wake. Waingereza walipowekeana mikataba na koo za kaskazini, Dhulbahante hawakuwemo. Wengi wao walikuwa na Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, aliyepigana na Waingereza kuanzia 1899 hadi 1920, na ngome yake kuu, Taleh, iko Sool. Ilipigwa mabomu na ndege za Kiingereza. Mwambie mjukuu wa watu wale kwamba heshima ya nchi yake inatokana na mpaka wa Muingereza, atakushangaa. Kwa mtu wa Hargeisa mpaka huo ni kinga iliyomtoa kwenye magofu. Kwa mtu wa Las Anod ni alama ya babu zake kushindwa.

Somaliland iliuchukua mji huo kutoka Puntland 2007. Mwishoni mwa 2022 watu walianza kuandamana kwa sababu ya mauaji ya watu mashuhuri mjini ambayo hayakupata majibu. Februari 2023 wazee wa Dhulbahante wakatangaza wanataka kurudi chini ya Mogadishu, na vita ikaanza. Mizinga iliupiga mji kwa miezi, hospitali ikapigwa, watu wengi sana wakakimbia. Agosti wapiganaji wa huko wakaiteka kambi kubwa ya Goojacade na jeshi la Somaliland likaondoka. Oktoba serikali ya Mogadishu ikaitambua SSC-Khatumo, utawala wa watu wa eneo hilo, kama utawala wa mpito.

Somaliland ilifanya Las Anod kitu ambacho, kilipofanywa Hargeisa, kiliipa yenyewe haki ya kuondoka. Kwa sharti la Mwalimu, Dhulbahante nao wana madai. Na wale wa 1993 waliokwenda Borama kukaa na walioshindwa hawakurudia kazi hiyo Las Anod kwa uzito ule ule. Mji ulichukuliwa kwa jeshi, ukatawaliwa kwa jeshi, ukapotea kwa jeshi.

Kwa hiyo msimamo ninaoutaka kwa Jumuiya yetu ni huu. Tusianze na swali la nani atambuliwe. Tudai kwanza Hargeisa na Mogadishu zikubali watu wa Sool na Sanaag waulizwe wenyewe, mbele ya wasimamizi wasio wa upande wowote, na jibu lao lisiwekwe kando kama lilivyowekwa lile la NFD mwaka 1962. Kaka wa Garissa atatuambia gharama ya kuwauliza watu kisha kutupa majibu yao.

Mdau wa Garissa

Gharama yake ni kizazi kizima, na nusu ya kinachofuata. Ongeza jambo moja kwenye madai yako: wafugaji wavuke na mifugo yao wakati wowote, upande wowote utakaoshinda. Mpaka ukiwekwa pale Sool au usipowekwa, ngamia wa Las Anod watakunywa maji Garowe, kule Puntland.

Mleta uzi

Nimeongeza. Na Haud iwe ya kwanza kwenye orodha hiyo, maana malisho yale bado yako upande wa Ethiopia na mvua bado inanyesha huko.